Shahidi wa Kaburi: Biashara ya Alama za Wafu na Jamaa za Askari wa Keya wa Isiolo

Utangulizi

Kiarabu hulitaja jiwe lisimamishwalo kichwani pa kaburi kwa neno shahid, na neno hilo lina asili moja na shahidi la Kiswahili. Uhusiano huo hauhitaji ufafanuzi mrefu. Jiwe, ubao au kipande cha shaba kilichowekwa juu ya mfu hutoa ushahidi wa mambo matatu: kwamba hapa amelala mtu, kwamba mtu huyo alikuwa na jina, na kwamba wako walio hai wenye haki ya kulidai jina hilo kuwa ni lao. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba hasara ya kuuzwa kwa alama ya kaburi haipimwi kwa bei ya mti au ya madini yaliyouzwa. Kinachouzwa ni ushahidi, na anayepungukiwa ni jamaa aliyebaki bila shahidi siku atakapotakiwa kujieleza.

Mji wa Isiolo, ulio kaskazini ya Mlima Kenya mahali nyanda za juu zinapokutana na nchi kame ya wafugaji, unafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili. Mji huo uliinuka kwa sehemu kubwa kutokana na makazi ya askari waliomaliza utumishi wao. Hata hivyo, askari Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi waliowabebea mizigo, karibu wote walizikwa bila alama yenye jina. Kwa hiyo Isiolo yatupa mfano wa shahidi ambaye hakuwekwa, na pwani ya Kenya yatupa mfano wa shahidi aliyewekwa kisha akauzwa. Hali hizi mbili zikilinganishwa, huonekana kwamba matokeo yake kwa jamaa yanafanana kuliko inavyodhaniwa.

1. Askari wa Keya na makazi ya Isiolo

Neno Keya limetokana na herufi tatu za Kiingereza, K.A.R., zilizolitambulisha jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Watumiaji wa Kiswahili walizitamka herufi hizo kwa namna iliyokubaliana na sauti za lugha yao, na jina likakaa. Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya kambini katika vikosi vya Kenya, Uganda na Tanganyika, na wataalamu wa lugha wamekwisha kukichunguza Kiswahili hicho cha jeshini, kilichorahisishwa sarufi yake ili kiwafae watu wa makabila mengi kwa muda mfupi. Kwa njia ya askari, pamoja na watumishi wa serikali na wachuuzi, Kiswahili kilifika kaskazini mwa Kenya na kukaa bega kwa bega na Kisomali, Kiborana, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru. Hata majina ya mitaa ya Isiolo yasimulia historia hiyo. Mathalani, Kambi ya Juu ni jina la Kiswahili kamili, na katika Bula Pesa neno la Kisomali lenye maana ya makazi limekutana na neno la Kiswahili ambalo halihitaji tafsiri.

Miongoni mwa waliokaa Isiolo tangu miaka ya 1920 walikuwamo Wasomali wa koo za Isaaq na Harti. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa nchi hiyo ya kaskazini. Walikuja kutoka Somalia ya Waingereza, Aden na Kismayu, wakiwa askari, waongozaji wa misafara au wafanyabiashara wa mifugo. Baadhi yao waliwatumikia Waingereza katika mapigano dhidi ya Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, yaliyokwisha mwaka 1920, na katika vita vya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani. Vita vilipomalizika waliruhusiwa kukaa Isiolo pamoja na mifugo yao.

Neno kuruhusiwa lina uzito wake hapa. Mtu aliyeruhusiwa hakupewa hati ya kuimiliki ardhi. Aliishi mahali kwa hisani ya serikali, na hisani hiyo ilitegemea kumbukumbu: kwamba fulani alikuwa askari, alipigana vita fulani, na aliahidiwa malisho kuwa malipo ya utumishi wake. Maadamu wazee waliotumika walikuwa hai, wao wenyewe walikuwa mashahidi. Walipofariki, ushahidi ulipaswa kuhamia kwenye kitu kingine: karatasi, medali, kaburi, au kinywa cha mtoto.

2. Makaburi yasiyo na jina

Tume iliyopewa kazi ya kuyatunza makaburi ya vita ya Dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917, nayo tangu 1960 yajulikana kuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni zake zilikuwa wazi. Kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi ama juu ya ukuta wa ukumbusho, mawe yafanane, pasiwe na tofauti kati ya afisa na askari wa kawaida, wala kati ya taifa na taifa au dini na dini. Kanuni hizo zilifuatwa kwa uangalifu mkubwa Ulaya. Katika Afrika Mashariki zilifuatwa kwa Wazungu, na kwa kiasi fulani kwa Wahindi, ambao majina yao yaliandikwa katika ukumbusho wa Nairobi. Kwa Waafrika kanuni hizo ziliwekwa kando.

Idadi ya waliokufa haikuwa ndogo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 watu zaidi ya 1,000,000 waliingizwa katika kazi ya upagazi kutoka nchi mbalimbali za mashariki na kati ya Afrika, na wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, hukadiriwa kufikia karibu 100,000. Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alitoa rai kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudie hali ya pori upesi iwezekanavyo. Katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, gavana Gordon Guggisberg alishikilia kwamba Mwafrika wa kawaida asingeelewa maana ya jiwe la kaburi. Watawala hawa wawili walitawala pande mbili za bara zilizo mbali sana, nao wakafikia uamuzi mmoja.

Badala ya majina, zilisimamishwa sanamu za shaba za askari na mpagazi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zikazinduliwa katika miaka ya 1927 na 1928. Sanamu ya Nairobi ina maandishi ya kuwasifu waliokufa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizotumika. Walakini hakuna jina la mtu hata mmoja katika sanamu hizo. Mzazi wa Kimeru au mjane wa Kisomali aliyefika mbele ya shaba ile angeweza kusoma, au kusomewa, kwamba Waafrika walikufa. Asingeweza kusoma kwamba mwanawe au mumewe alikufa.

Mwezi wa Aprili 1921 haukusema neno juu ya jambo hili, na miaka 100 ilipita kabla Tume yenyewe haijakiri. Katika taarifa iliyotolewa Aprili 2021, Tume ilieleza kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengine kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Tume iliomba radhi. Tangu hapo kumbukumbu za jeshi la Keya zilizosalia nchini Kenya zimeanza kusomwa upya ili kuyatafuta majina.

Jambo moja katika habari hii lawahusu hasa wanafunzi wa lugha. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina hilo likawa Kariakoo katika Kiswahili. Leo Kariakoo ni mtaa na soko mashuhuri la Dar es Salaam, na Nairobi nayo ina mtaa wa Kariokor, penye makaburi ya vita. Mamlaka ziliyaacha makaburi ya wapagazi yamezwe na pori, lakini wasemaji wa Kiswahili walilihifadhi jina la kikosi katika majina ya mahali. Jina la mahali, hata hivyo, hulitunza kundi tu. Haliwezi kumtunza mtu mmoja mmoja kwa ajili ya jamaa yake.

3. Alama inapouzwa

Huenda mtu akasema kwamba kama alama hazikuwekwa, basi hakuna cha kuuzwa, na jamaa za askari wa Keya angalau zimeepushwa na aibu ya kuziona alama za wafu wao sokoni. Ili hoja hiyo ipimwe, yafaa kutazama mahali ambapo alama ziliwekwa na kisha zikauzwa.

Nchini Marekani, vibao vya shaba na mawe ambayo serikali huyatoa kwa makaburi ya askari wa zamani hubaki kuwa mali ya serikali, na sheria ya mwaka 2003 ilifanya uharibifu wa kumbukumbu za askari kuwa kosa la jinai la taifa zima. Hata hivyo vibao hivyo huibwa na kuuzwa, ama kwa watozi wa vitu vya kale ama kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uingereza nayo ilishuhudia mabamba ya shaba yenye majina ya waliokufa vitani yakibanduliwa kutoka kwenye kuta za ukumbusho bei ya shaba ilipopanda, hata sheria ya mwaka 2013 ikaukaza udhibiti wa wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Kenya ilipata sheria yake ya vyuma chakavu mwaka 2015, na Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, rais aliisimamisha biashara hiyo kwa miezi michache. Katika mifano yote hii utaratibu ni mmoja. Mwizi hulipwa kwa uzito wa madini. Jina lililochorwa juu yake halimwongezei chochote. Humzidishia hatari tu, na ndiyo sababu hupendelea kulivunja au kuliyeyusha kwanza.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, na uliochunguzwa kwa makini zaidi, ni wa pwani ya Kenya. Wasomi wa historia ya Waswahili wanajua habari za makaburi ya nguzo, na za mabakuli ya kauri ya Uchina yaliyopachikwa katika nguzo hizo. Mabakuli mengi yamekwisha kung'olewa, yakabaki matundu ya mviringo katika chokaa. Hasara ya vigango ni kubwa zaidi, kwa kuwa jamaa za wafu wenyewe wapo na wanajulikana. Kigango ni nguzo ya mbao ngumu, iliyochongwa kwa umbo la mtu na kutiwa nakshi za pembe, ambayo Wagiriama na baadhi ya Wamijikenda wengine humsimikia mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Yafaa ikumbukwe kwamba hawa nao waliguswa na vita vile vile. Uasi wa Wagiriama wa mwaka 1914, ambao jina la Mekatilili wa Menza haliachani nao, ulichochewa kwa sehemu na madai ya serikali ya kuchukua vijana kwa kazi na upagazi.

Kigango hakisimamishwi kwa ajili ya pambo. Aghalabu mfu humjia mmoja wa jamaa katika ndoto, au msiba huingia nyumbani, na mganga akabainisha kwamba mzee anadai makao yake. Jamaa hukusanya mali, huchinja, hualika wazee, na nguzo husimikwa. Tangu siku hiyo mzee ana mahali pa kuketi, na walio hai wana mahali pa kumwendea wakiwa na shida. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi.

Tangu miaka ya 1970, utalii ulipokua pwani na soko la sanaa ya Kiafrika lilipopanuka Ulaya na Marekani, vigango vilianza kutoweka. Vijana waliving'oa usiku na kuviuza kwa fedha kidogo kwa wachuuzi wa mijini. Kutoka hapo vilisafirishwa ng'ambo, vikauzwa kwa bei kubwa, na vingi vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, mara nyingi vikitolewa kuwa zawadi na matajiri. Mamia ya vigango yametambuliwa huko.

Kisa kimoja kinajulikana kikamilifu. Mwaka 1985 mtaalamu wa elimu ya jamii, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baadaye vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa Afrika nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimojawapo katika picha zilizoonyeshwa na mwenzake, Linda Giles, za hazina ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ilipofika mwaka 2007 kigango cha kwanza kilirudishwa kwa jamaa yake kwa sherehe. Mzee aliyevisimika alikuwa amekwisha kufariki. Kilichowezesha kurudishwa huko kilikuwa picha moja tu, yaani shahidi wa pili aliyesimama mahali pa yule wa kwanza. Vigango vilivyoibwa bila kupigwa picha havina mtu wa kuvitaja, na makumbusho yanayotaka kuvirudisha hayajui yavirudishe kwa nani.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Denver. Mwaka 2014 makumbusho ya mji huo yalitangaza kurudisha vigango 30, lakini majina ya waliosimikiwa yalikuwa yamepotea njiani, na vikapokewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa niaba ya wote mwaka 2019. Vingine 9, vilivyorudishwa na chuo kikuu kimoja cha California, vilizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi kwa madai ya ushuru. Mabaraza ya forodha yaliviona kuwa bidhaa iliyoingizwa nchini. Hakuna ushahidi ulio bayana kuliko huo kwamba alama ya kaburi ikipita sokoni mara moja, hata njia ya kurudi kwake hupita sokoni.

Jamaa zilizoporwa zilieleza hasara yao kwa lugha ya maradhi, ukame na vifo. Mtafiti asiyeamini uwezo wa mizimu hana haja ya kuyapuuza maneno hayo. Jamaa iliyopoteza kigango imepoteza mahali ilipokuwa ikipelekea mashaka yake, imepoteza gharama ya sherehe nzima, na imeingiwa na shaka juu ya vijana wake yenyewe, kwa kuwa mwizi aghalabu ni mtu aijuaye njia ya bomani. Hasara ya tatu ndiyo isiyorudishwa na makumbusho yoyote.

4. Hoja ya kutelekezwa

Wafanyabiashara wa vigango walikuwa na hoja moja waliyoitegemea kuliko zote: kwamba nguzo hizo zilikuwa zimetelekezwa. Boma lilikuwa limehama, nyasi zilikuwa zimeota, na hapakuwa na mtu karibu. Kwa hiyo kuzichukua kulikuwa ni kuziokoa na mchwa. Hoja hii yahusu Isiolo moja kwa moja, kwa sababu ndiyo hoja inayoweza kutumika dhidi ya kaburi lolote la mfugaji.

Wagiriama walihama mashamba yakichoka, wakaviacha vigango mahali pake kwa sababu desturi iliwakataza kuvihamisha. Kutokuwapo kwao kulikuwa ni utii wa desturi hiyo. Vivyo hivyo, katika nchi ya kaskazini kaburi ni mahali anapopita mtu, wala si mahali anapokaa. Kisomali huliita kaburi xabaal, na Kioromo cha Waborana huliita awwaala. Kwa kawaida alama yake ni mawe ya mahali pale pale yaliyorundikwa, yasiyo na maandishi. Jamaa huhama na mifugo kufuata mvua, na hurejea baada ya miezi au miaka. Anayejua ni nani aliyelala hapo hulisoma rundo lile kama kitabu; asiyejua huona mawe tu. Isitoshe, mafundisho ya Kiislamu hayapendelei makaburi ya fahari, na Mwislamu mcha Mungu huenda akazikwa bila maandishi kwa hiari yake mwenyewe.

Hapa inapasa kutenganisha mambo mawili ambayo watawala waliyachanganya. Jamaa inayochagua kaburi la unyenyekevu hulibeba jina la mfu katika dua, katika ukoo na katika majina ya wajukuu. Mamlaka iliyokataa kuliandika jina hilo haikulibeba popote. Ukimya wa kwanza una mwenyewe anayeutunza. Ukimya wa pili hauna. Guggisberg aliposhikilia kwamba Mwafrika asingeelewa maana ya jiwe, alikuwa akiuchukua ukimya wa namna ya kwanza kuwa kisingizio cha ukimya wa namna ya pili.

5. Gharama ya kukosa shahidi

Historia ya Isiolo baada ya wazee wa Keya ilizitaka jamaa zao zijieleze mara kwa mara. Katika miaka ya 1930 Waisaaq walidai watambuliwe kisheria kuwa watu wenye asili ya Asia, kwa kuwa hadhi hiyo ilikuwa na haki ambazo wenyeji wa Kiafrika walinyimwa. Dai hilo lilikataliwa, lakini karatasi zake zilibaki. Kenya ilipokaribia uhuru, swali likageuka: aliyedai jana kwamba si mwenyeji aliulizwa sasa ana haki gani ya kukaa.

Kisha vikaja vita vilivyoitwa vya Shifta. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo na Mborana aliyekuwa ametumainiwa na wengi, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini Desemba mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya vikosi vya Keya vya Kenya kubadilishwa jina na kuwa Kenya Rifles. Hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, wafugaji wengi wa wilaya walifungiwa katika vijiji vya kulindwa, mifugo yao ikaangamia, na wafu wakazikwa pale walipoangukia. Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo ya wakati huo. Jina la Wabera limepewa barabara mjini Nairobi na kata mjini Isiolo. Wengine hawakupata hata hayo.

Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wahakikiwe uraia wao na kupewa kadi za pekee. Mtu alipaswa kuthibitisha alitoka kwa nani, na huyo naye alikuwa nani. Hapo ndipo thamani ya shahidi wa kaburi inapoonekana bila kutiwa chumvi. Mjukuu wa Mzungu aliyekufa katika vita vya 1914 angeweza kupelekwa mbele ya jiwe lenye namba, cheo, jina, kikosi na tarehe. Mjukuu wa askari wa Keya aliyekufa katika vita hivyo hivyo alikuwa na neno lake tu, na neno la wazee wa ukoo.

Medali nayo ina nafasi yake katika hesabu hii. Medali za fedha za vita vya kwanza zilichorwa namba, cheo na jina la mwenyewe katika ukingo wake. Kwa askari asiye na jiwe, ukingo huo mwembamba ndio mahali pekee ambapo serikali iliwahi kuliandika jina lake juu ya madini. Lakini medali ni fedha, na fedha huuzwa njaa ikiingia. Huko Uingereza kwenyewe, bei ya fedha ilipopanda sana mwaka 1979 na 1980, medali nyingi za namna hiyo ziliyeyushwa. Medali za Keya nazo huonekana katika minada ya London, ambako jina la askari hukuza bei, kwani mtozi hununua habari ya mtu. Sokoni kwa fundi wa fedha jina lilikuwa bughudha. Katika mnada ni bidhaa. Kwa vyovyote viwili limeondoka mikononi mwa wale linalowatetea. Wapo pia waliozitupa medali zao wenyewe. Mfalme Charles III alipoitembelea Kenya Novemba 2023, aliwakabidhi wazee wachache wa vita vya pili medali mpya katika makaburi ya Kariokor, badala ya zile walizozipoteza au kuziondoa katika miaka ya mapambano ya kudai uhuru, ambapo kuonekana nazo kulikuwa hatari.

Leo suala limehamia kwenye ardhi. Tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa mwaka 2012, ukiitaja Isiolo kuwa njia panda ya barabara, reli, bomba na mji wa kitalii, ardhi ya wilaya iliyokuwa malisho imekuwa mali ya kugombaniwa. Katika mabishano ya ardhi kote nchini Kenya, kaburi la babu ni ushahidi unaoheshimiwa na wengi. Kiwanja chenye rundo la mawe lisilo na jina huweza kuuzwa pamoja na rundo lake, na tingatinga halina desturi ya kuuliza. Hivyo yatimia lile lililoonekana haliwezekani: alama ambayo haikuwekwa inauzwa, kwa kuwa ardhi inayowashikilia wafu inauzwa kama ardhi tupu.

Hitimisho

Ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, basi tofauti kati ya jamaa ya pwani iliyoporwa kigango na jamaa ya Isiolo ambayo babu yake hakuandikwa ni tofauti ya wakati tu. Ya kwanza ilinyang'anywa shahidi aliyekuwapo; ya pili ilinyimwa shahidi tangu mwanzo. Zote mbili zimeachiwa kazi ile ile ya kuthibitisha kwa maneno jambo ambalo wengine huthibitisha kwa kuonyesha kidole.

Kwa sababu kazi hiyo hufanywa kwa maneno, idara za lugha zina wajibu ndani yake. Kisa cha vigango kilifundisha kwamba picha moja yenye jina na mwaka iliweza kumrudisha mfu kutoka Marekani. Kwa askari wa Keya, mahali pa picha hiyo panaweza kuchukuliwa na nasaba. Wasomali huihesabu nasaba, ambayo huiita abtirsi, kutoka kwa mtoto kwenda juu kizazi hata kizazi, na watoto hufundishwa kuikariri wangali wadogo. Waborana na majirani zao wana njia zao za kuhesabu rika na vizazi. Kumbukumbu hizo zikinukuliwa Isiolo pamoja na majina ya mahali, na zikilinganishwa na orodha za jeshi ambazo sasa zinafunguliwa, baadhi ya marundo ya mawe yataweza kurudishiwa majina.

Kazi hiyo ina haraka yake. Watoto wa askari wa vita vya kwanza wamekwisha kupungua mno, na wajukuu wao ni wazee. Jiwe laweza kungoja miaka 100 likasomwa. Nasaba isiyonukuliwa huzikwa pamoja na mzee wa mwisho aliyeijua.